Shule zisitupe elimu pamoja na pasi mbovu

Wahenga wetu walinena kuwa kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Methali hii hufundishwa katika kila shule ya nchi hii, hutungiwa insha na kutahiniwa, na mwanafunzi asiyeijua maana yake huhesabiwa kuwa hakusoma. Ajabu ni kwamba katika shule hizo hizo koleo likivunjika hutupwa. Birika la umeme la chumba cha walimu likikataa kuchemsha maji, printa ya ofisi ikigoma, pasi ya bwenini ikiungua, vyote hupelekwa stoo vikarundikwa juu ya madawati mabovu. Huko hukaa miaka na mikaka, vikiliwa na kutu na kugeuzwa viota vya panya, hadi siku mfanyabiashara wa vyuma kuukuu atakapokuja na mizani yake kuvinunua kwa kilo.

Nia yangu katika makala haya ni kudai kwamba vitu hivyo si taka. Ni vifaa vya kufundishia ambavyo tumevilipia tayari, na shule inayoviuza kwa kilo kabla ya kuvifungua imeuza kitabu ambacho hakuna aliyekisoma. Naamini kila shule ya sekondari, pamoja na zile za sekondari msingi, yapaswa kuwa na meza moja imara, bisibisi chache, koleo, multimita, na vipindi maalumu vya kufungua vifaa vilivyokufa, kuvitambua vipuri vyake, kuvipima na kuvihifadhi kwa kazi nyingine. Sizungumzii pesa hapa, kwa maana vipuri vya birika moja havimtajirishi mtu. Nazungumzia elimu.

Hebu tuanze na pasi, kifaa duni machoni pa wengi. Ndani yake mna sura kadhaa za kitabu cha Fizikia. Mna waya wa aloi ya nikeli na kromiamu, ambao huukinza mkondo wa umeme na kutoa joto bila kuungua upesi. Mna vihami vinavyozuia umeme usimfikie apigaye pasi. Aidha, mna kidhibiti joto, ambacho moyo wake ni ukanda wa metali mbili zilizoshikanishwa. Metali moja hutanuka zaidi ya nyingine ipashwapo moto, hivyo ukanda mzima hupinda na kuukata mkondo. Ukipoa hunyoka na mkondo ukarejea. Kile kitufe cha mviringo tukizungushacho kuchagua kati ya hariri na pamba hakifanyi kazi nyingine ila kuongeza au kupunguza mkazo juu ya ukanda huo.

Miaka kadhaa iliyopita niliwapa wanafunzi wa Kidato cha Pili pasi mbovu waifungue. Siku chache kabla ya hapo walikuwa wameuchora ukanda wa metali mbili katika jaribio, wakaeleza jinsi unavyofanya kazi, na wengi wao wakapata alama zote. Pasi ilipofunguka nikawauliza wanionyeshe ukanda huo. Ulikuwa mbele ya macho yao, nao hawakuuona. Mmoja alidhani ni springi, mwingine akasema ni kibanio cha waya. Ukanda wa kitabuni ni mrefu na mnyoofu, tena umeandikwa majina ya metali zake, ilhali ule wa pasi ulikuwa mfupi, mweusi kwa moshi, umebanwa kwa skrubu. Walichokuwa wakikijua ni mchoro, si kitu chenyewe. Kasoro hiyo haikuwa yao, bali ya mfumo unaomtaka mtoto auelewe ulimwengu bila kuugusa.

Tugeukie birika la umeme. Chini yake huandikwa nguvu zake, tuseme wati 2,000 kwa volti 240. Mwanafunzi akitumia kanuni aliyofunzwa, akazidisha 240 kwa 240 kisha akagawa kwa 2,000, atapata kwamba ukinzani wa koili ile ni omu 28.8. Sasa na achukue multimita aipime koili ya birika bovu. Ikisoma kiasi kinachokaribia hapo, atajua kwamba koili ni nzima na ugonjwa uko kwingine, pengine katika swichi au katika fyuzi ya joto. Isiposoma kitu, atajua kwamba waya umekatika. Kwa dakika tano hesabu ya ubaoni imegeuka uchunguzi, na jibu halitoki katika kurasa za mwisho za kitabu bali katika birika lenyewe.

Blenda nayo humfunza mwanafunzi mota ya umeme kuliko picha yoyote. Ataiona koili ya shaba, sumaku inayozaliwa na mkondo, na vile vipande viwili vya kaboni vinavyoufikisha umeme kwenye sehemu inayozunguka. Mara nyingi blenda iliyotupwa haina ugonjwa mwingine ila kaboni hizo kulika, au kile kiungio cha mpira chini ya jagi kukatika. Printa ni hazina kubwa zaidi, kwani ina mota ndogondogo zinazozunguka hatua kwa hatua, vyuma vilivyonyooka sawasawa, magurudumu ya meno, mikanda na springi. Mota ya printa ikizungushwa kwa vidole huweza kuwasha taa ndogo ya LED, na mwanafunzi aliyeiona taa hiyo ikiwaka mkononi mwake hatahitaji kukaririshwa kwamba mota na jenereta ni ndugu. Spika ya redio kuukuu ina sumaku na koili. Ukiiunganisha upande wa kuingiza sauti huweza kutumika kama maikrofoni. Hayo yote yamelala stoo.

Msomaji aweza kuuliza kama kuna ushahidi wowote kwamba mtu hujifunza kwa njia hii. Ushahidi uko katika kila soko la nchi hii. Mtazame fundi wa redio katika kibanda chake. Nyuma yake kuna rundo la redio zisizo na vifuniko, na mezani kuna mikebe ya maziwa ya unga iliyojaa kapasita, rezista, swichi na skrubu. Anajua kwamba redio tatu mbovu huzaa moja nzima. Mteja akimletea iliyounguza transfoma, haendi dukani, bali hunyoosha mkono nyuma akatoa transfoma katika redio iliyokufa kwa ugonjwa mwingine. Wengi wa mafundi hawa hawakuipitia karakana ya chuo chochote. Walifundwa na mafundi waliowatangulia na kwa kufungua vitu, wakavitazama, wakavirudisha, wakavifungua tena.

Jamii yetu imechelewa kuwaheshimu. Mwaka 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani uliochunguza ajira nchini Kenya ulieleza kwamba watu wa sekta isiyo rasmi hawakuwa wazururaji bali wazalishaji. Miaka ishirini baadaye, katika Waraka wa Bunge Nambari 2 wa mwaka 1992, serikali ikaweka sera kuhusu biashara ndogondogo na jua kali. Kule Kamukunji, Nairobi, mafundi hugeuza mabati na mapipa kuwa masanduku, makarai na majiko yanayotumika nchi nzima. Hata hivyo, ni shule ngapi ambazo zimewahi kumwalika fundi wa jua kali aje asimame mbele ya darasa? Huitwa tu kuja kutengeneza kengele au kulehemu lango, akalipwa, akaondoka, na wanafunzi wakamtazama kwa mbali kupitia dirishani.

Si kwamba hatukujaribu. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka 1985, ahadi yake kuu ilikuwa kumpa mtoto stadi za mikono ili aweze kujitegemea. Wazazi walichangishwa, karakana zikajengwa kila pembe ya nchi. Lakini nyingi hazikupata zana wala walimu, na muda si muda zikageuka madarasa ya kawaida au stoo. Mageuzi ya mtaala ya mwaka 2002 yalipopunguza mzigo wa masomo ya kutahiniwa, kazi za mikono zilikuwa miongoni mwa zilizopoteza nafasi yake. Sasa tunao Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, nao unarudia ahadi ile ile kwa maneno mapya. Ahadi ni njema. Lakini mara ngapi tumewasikia wazazi wakilalama kwamba kila juma wanatakiwa wanunue karatasi za manila, gundi, rangi na vifaa vya mradi ambao huishia pipani siku ya pili? Mzazi hulazimishwa kununua kitu kipya ili mwanawe ajifunze ubunifu, ilhali kitu kikuukuu kilicho tayari kufundisha kimeachwa kiote kutu. Mtaala unaodai kujali umilisi usianzie dukani.

Najua yapo mapingamizi, na yafaa tuyakabili moja baada ya jingine.

La kwanza ni la heshima. Wapo wazazi watakaosema kwamba hawakumpeleka mtoto shuleni ili aje kufundishwa kazi ya chokoraa. Naelewa asili ya maneno hayo. Kwa mzazi aliyeuza ng'ombe kulipa karo, kumwona mwanawe akipekua vitu vilivyotupwa ni kama kuiona karo yenyewe imetupwa. Hata hivyo, namwomba mzazi huyo amfikirie William Kamkwamba wa Malawi. Njaa ya mwaka 2001 na 2002 ilimtoa shuleni kwa kukosa karo. Akawa anakwenda katika maktaba ya shule ya msingi kijijini mwao, akasoma kitabu kuhusu kawi, kisha akaenda kwenye jaa la vyuma. Kwa feni ya trekta, fremu ya baiskeli na dainamo, akaunda kinu cha upepo kilichowasha taa nyumbani kwao. Mwaka 2014 alihitimu katika chuo kikuu cha Dartmouth, Marekani. Kelvin Doe wa Sierra Leone naye, akiwa kijana mdogo mjini Freetown, aliokota vipuri katika taka akaunda betri na kituo kidogo cha redio, na mwaka 2012 akaalikwa katika chuo cha MIT.

Visa hivi husimuliwa kama miujiza, na hapo ndipo tunapopotoka. Hakuna muujiza wowote. Kamkwamba alikuwa na vitu viwili kwa wakati mmoja: kitabu na jaa. Watoto wetu walio darasani wana kitabu bila jaa. Watoto wanaoshinda katika dampo la Dandora wana jaa bila kitabu. Makundi haya mawili hayakutani, na kila moja limeachwa na nusu ya elimu. Kazi ya shule ni kuziunganisha nusu hizo. Kuhusu heshima, nathubutu kusema kwamba aibu haiko katika kufungua kitu kilichotupwa. Aibu iko katika kuhitimu na alama A ya Fizikia ukashindwa kubadilisha fyuzi ya plagi.

Pingamizi la pili ni la usalama, na hili ni zito. Sitalipuuza kwa maana maisha ya watoto si jambo la kufanyia mzaha. Vipo vifaa ambavyo havifai kufunguliwa shuleni hata kidogo, na kila mwalimu yampasa avijue. Cha kwanza ni oveni ya maikrowevu. Ndani yake mna kapasita inayohifadhi umeme wa volti zipatazo elfu mbili, nayo yaweza kuua hata baada ya plagi kuchomolewa. Cha pili ni runinga ya zamani yenye kichogo. Kioo chake kina risasi, na hakina hewa ndani, hivyo kikipasuka huruka vipande. Isitoshe, umeme wa volti nyingi mno huweza kubaki ndani yake muda mrefu. Cha tatu ni mfumo wa gesi wa jokofu. Majokofu ya zamani yana gesi zinazoharibu tabaka la ozoni, zile zilizopigwa vita na Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987, ilhali mengi ya kisasa yana gesi inayowaka moto. Mlango wa jokofu, taa yake na swichi zake zaweza kutolewa, lakini mabomba yake hayakatwi. Cha nne ni betri za lithiamu za simu na kompyuta, ambazo zikitobolewa huwaka. Cha tano ni mirija ya taa za fluoresenti, kwa sababu ya zebaki iliyomo. Tena pasi na vipasha joto vya zamani sana huenda vikawa na asbesto. Ukiona ndani kitu cheupe chenye nyuzinyuzi, funga na uweke kando.

Hata vile vinavyofaa kufunguliwa vina masharti yake. Jambo la kwanza kabisa ni kuukata waya wa plagi, ili mtu yeyote asije akakichomeka kifaa kilicho nusu wazi. Pili, kapasita kubwa zitolewe umeme na mwalimu mwenyewe kabla ya mwanafunzi kuweka kidole. Tatu, miwani ya kukinga macho na glavu visiwe vya hiari. Nne, mwanafunzi asirudishe kifaa katika umeme wa nyumba. Kazi ya meza hii ni kufungua, kupima na kuhifadhi, na majaribio yafanywe kwa betri ndogo tu. Wapo mafundi kanjanja ambao fyuzi ya joto ikikatika huiruka kwa kipande cha waya. Kifaa hufanya kazi kwa siku kadhaa, kisha nyumba ikateketea. Mwanafunzi aliyefunzwa kazi ya fyuzi hiyo hatafanya hivyo, wala hatakubali kufanyiwa hivyo.

Halafu kuna moto. Njia rahisi ya kupata shaba ni kuchoma nyaya, na njia hiyo hutumiwa na vijana wengi katika majaa ya miji yetu, kama ilivyotumiwa kwa miaka mingi kule Agbogbloshie mjini Accra, Ghana, hadi mahali hapo palipobomolewa mwaka 2021. Plastiki ya nyaya ikiungua hutoa sumu ziitwazo dioksini, na huyu anayechoma huivuta kabla ya mwingine yeyote. Waya huchunwa kwa kisu. Huchukua muda, lakini shaba hutoka safi na kifua cha mtoto kikabaki salama. Sisi wa pwani na bara tuna kumbukumbu chungu ya gharama ya kuyeyusha taka bila kujali. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, risasi kutoka kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu iliwadhuru wakazi, wakiwemo watoto, na Phyllis Omido alitunukiwa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015 kwa kupigania haki yao. Mchuma janga hula na wa kwao.

Hoja hii ya hatari, basi, hainirudishi nyuma bali hunisukuma mbele. Watoto tayari wanafungua vitu hivi. Wanavifungua nyuma ya nyumba kwa nyundo na mawe, bila miwani, bila mtu wa kuwaambia kwamba kapasita huuma. Kukataa kuwafundisha hakuondoi hatari bali huiacha bila mlinzi.

Pingamizi la tatu ni la sheria. Mwalimu mkuu atasema kwamba birika lile liko katika rejista ya mali ya shule, nalo haliwezi kufunguliwa ovyo. Anasema kweli. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uondoaji wa Mali ya mwaka 2015 inataka mali ya umma iliyochakaa ipitie kamati kabla ya kuondolewa. Lakini sheria hiyo haikusema kwamba kamati ikutane mara moja kwa muongo. Kamati ikae kila mwaka, iamue kifaa gani kitatengenezwa, kipi kitauzwa, na kipi kitatolewa katika rejista kwa utaratibu unaokubalika ili kitumike kufundishia. Wasiwasi mwingine ni wizi. Tunakumbuka kwamba mnamo Januari 2022 Rais Uhuru Kenyatta alisimamisha biashara ya vyuma kuukuu kwa sababu ya uharibifu wa miundombinu ya umeme, na marufuku hiyo ikaondolewa baadaye mwaka huo. Je, hatutawafundisha vijana kuthamini shaba kisha wakaenda kuiba nyaya? Mimi naona kinyume chake. Mali bila daftari hupotea bila habari, na meza ya shule itakuwa na daftari. Kila kifaa kitaandikwa kilikotoka, nani aliyekitoa, kilifunguliwa lini, na vipuri gani vilipatikana. Kijana aliyezoea kuuliza kitu kimetoka wapi ndiye raia atakayekataa kununua waya wa wizi.

Baada ya mapingamizi hayo, yafaa nieleze kazi hii iendeshwe vipi. Kanuni kuu ni kwamba kifaa kisivunjwe kabla ya kuulizwa kama kinaweza kupona. Kukifumua kifaa ambacho kingetengenezwa kwa kaboni ya bei ndogo ni uharibifu wa aina nyingine. Mwanafunzi kwanza atafute ugonjwa, auandike, na kama dawa ipo, kifaa kipelekwe kwa fundi hodari. Kisichopona ndicho kifunguliwe. Vipuri vipimwe, vizima vitengwe na vibovu, kila aina katika mkebe wake, na kila mkebe uwe na jina. Hapo hata mwalimu wa Kiswahili ana kazi. Parafujo, bisibisi, kihami, kidhibiti, ukinzani na kulehemu ni maneno ambayo wanafunzi wengi huyasikia redioni au kuyakuta kamusini tu. Yakibandikwa juu ya mikebe, yatatoka kamusini yakaingia mikononi.

Shule za mashambani zisidhani kwamba jambo hili ni la mijini. Taa ndogo za sola zimeenea vijijini, na baada ya miaka michache nyingi hunyamaza. Aghalabu kilichokufa ni betri, wakati paneli yaweza kuishi miaka ishirini, na balbu za LED nazo bado nzima. Familia huitupa taa yote kwa sababu ya kiungo kimoja. Mwanafunzi anayejua kupima volti za paneli juani na kutenganisha kilicho hai na kilichokufa atakuwa ameifaa familia yake kuliko kwa insha kumi kuhusu kawi ya jua.

Nayo mabaki yasiyofaa kitu yasirudi kwenye shimo la takataka la shule. Bodi za saketi zina risasi na sumu nyinginezo, na yafaa zikusanywe zipelekwe kwa wanaozishughulikia kitaalamu, kama kile kituo cha taka za kielektroniki kiitwacho WEEE Centre kilichoko Nairobi. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 tayari inawapa watengenezaji na waagizaji wa bidhaa sehemu ya wajibu huo. Serikali za kaunti zaweza kusaidia kwa kuchukua mabaki ya shule za eneo moja kwa pamoja mara moja kwa muhula, badala ya kila shule kuhangaika peke yake.

Jambo hili si dogo. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2024 ilionyesha kwamba ulimwengu ulizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, na kwamba ni asilimia 22.3 tu iliyothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Vifaa tunavyouziwa siku hizi vinazidi kuwa vigumu kufunguka. Vingine hugandishwa kwa gundi, vingine hufungwa kwa skrubu zisizo na bisibisi ya kawaida, makusudi tusione kilicho ndani. Nchini Ufaransa, tangu mwaka 2021 baadhi ya bidhaa za umeme hulazimika kuonyesha alama ya jinsi zinavyoweza kutengenezwa. Sisi hatutadai haki kama hiyo kwa wauzaji wetu ikiwa hakuna miongoni mwetu aliyewahi kufungua kitu akajua kilichofichwa. Watu wasiojua kilichomo ndani ya vitu vyao watauziwa chochote, kwa bei yoyote, na kikiharibika watauziwa kingine.

Nawaomba walimu wakuu wafungue stoo zao kabla ya muhula huu kumalizika, waorodheshe kilichomo, na kuiitisha kamati. Nawaomba walimu wa sayansi wachague kifaa kimoja kisicho na hatari, pasi au feni, wakifungue mbele ya darasa na kulinganisha kila kipuri na mchoro wa kitabu. Nawaomba mafundi wa jua kali, wakiitwa, waje, nao walipwe kama mhadhiri yeyote alipwavyo. Wanafunzi nao wasingoje kuamriwa. Wamwulize mwalimu kwa adabu kile birika la zamani lilifia wapi, na kama wanaweza kuonyeshwa. Mwalimu asiyejua jibu asione haya, bali achukue bisibisi, aukate waya wa plagi, na watafute pamoja.